Gumzo la familia: “Malaika” upigwe au usipigwe?

Kaka Mkubwa (mwenyekiti wa kamati ya harusi, Area D, Dodoma): Mbukwenyi wapendwa. Mshereheshaji ameomba orodha ya nyimbo kabla ya Ijumaa, na bibi harusi mtarajiwa amependekeza kwamba siku ya sendofu aingie ukumbini kwa wimbo wa “Malaika”. Mwenye neno aliseme sasa, kwa sababu bendi itahitaji muda wa mazoezi.

Shangazi (Kisasa): Mbukwa mwanangu. Mimi ninalo neno, tena si dogo. Wimbo huo ninaupenda tangu usichana wangu, lakini safari hii tusikilize unachosema, tusibembelezwe na sauti yake tu. Anayeimba ni kijana ambaye hakuoa. Anampenda msichana, mali hana, na anamweleza kwamba angemwoa laiti angekuwa nayo, kisha wimbo unakwisha hali ikiwa ileile, bila posa iliyopelekwa wala mshenga aliyetumwa. Sasa binti yetu, ambaye mahari yake imepokewa na wazee mbele ya mashahidi, asindikizwe ukumbini na kilio cha mwanamume aliyeshindwa? Wageni wa upande wa pili watadhani tunawasema.

Kaka Mkubwa: Shangazi, wimbo huo nimeusikia kwenye harusi nyingi hapa mjini na sijaona mgeni aliyenuna.

Shangazi: Hawanuni kwa sababu unapigwa wakati wa kula.

Mjomba (Kizota): Naomba nichangie kama mtu aliyelelewa pembeni ya redio ya baba yake. Wimbo huu ulienea kwa sauti ya Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi miaka ya 1960, ingawa utunzi wake umegombaniwa kwa muda mrefu, na miongoni mwa wanaotajwa kuwa watunzi wake halisi yumo Mtanzania Adam Salim. Kinachonigusa ni kwamba masimulizi ya pande hizo mbili yanafanana: kijana alipenda, mali ikakosekana, msichana akaolewa na mwingine. Ndiyo maana mimi simsikii mtu anayeomba uchumba. Ninamsikia mtu ambaye msichana wake ameshaondoka, naye bado anamsemesha kana kwamba yupo. Hata majina anayomwita, malaika na kidege, yote ni ya wenye mabawa, na mwenye mabawa hafungiwi mlango. Kwa hiyo Shangazi ana hoja, ila amemwonea huyo kijana kumwita aliyeshindwa.

Shangazi: Kaka, amejiita mwenyewe. Anasema ameshindwa na mali. Mimi nimemnukuu tu.

Mama Mdogo (Nkuhungu): Nyote mnamhurumia, nami nasema wazi kwamba simwamini. Sikilizeni wimbo mzima mtafute mahali msichana alipodai kitu. Hamtapaona. Baba yake hakutaja idadi ya ng'ombe, mama yake hakudai vitenge, na yeye mwenyewe hafungui kinywa tangu mwanzo hadi mwisho. Kijana anasema pesa zinasumbua roho yake. Ni roho yake, si ya binti wa watu. Alimuuliza kama yuko tayari kumsubiri? Alimuuliza kama angekubali kuanza maisha kwenye chumba kimoja? Kabla sijaolewa nilikuwa nauza duka pale Majengo, na maneno kama hayo niliyasikia kutoka kwa wanaume ambao kwao kulikuwa na ng'ombe wengi kuliko kwetu. Mwanamume asiyetaka kuoa hakosi sababu, na umaskini ndiyo sababu inayompa heshima kuliko zote.

Mjomba: Dada, sasa umemhukumu mtu kwa makosa ya wateja wako wa Majengo.

Mama Mdogo: Na wewe umemtetea kwa machozi ya nani?

Mjukuu (Chuo Kikuu cha Dodoma): Shikamooni wote. Naomba niongeze jambo moja. Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba wimbo huu, ukatoka pia katika albamu yake na Harry Belafonte ya mwaka 1965, na maneno ya mwanamume hakuyageuza ili yamfae mwanamke. Ninaposikia sauti ya kike ikisema “ningekuoa”, huwa nadhani ni msichana mwenyewe anayerudia maneno aliyoambiwa zamani, neno kwa neno, kwa sababu hakuyasahau. Pengine huko ndiko kufungua kinywa kwake, Mama Mdogo.

Mama Mdogo: Umesema vizuri, mwanangu, lakini angalia kwamba hata hapo bado anasema maneno ya mwenzake.

Babu (Mvumi): Wanangu na wajukuu zangu, nimesoma ujumbe wenu wote, na nimeomba nisaidiwe kuandika ili nisiwatumie sauti ndefu kama ya juzi. Kila mmoja wenu ameeleza alichosikia, nami nitaeleza changu. Kwa desturi yetu ya Kigogo, kijana hakutoa ng'ombe wa mahari peke yake. Baba yake alitoa, baba zake wadogo walitoa, wajomba walileta fungu lao, na mara nyingi ng'ombe walioingia nyumbani kwa mahari ya dada yake ndio waliotoka kwenda kumwolea yeye. Upande wa binti vilevile, baba hakuwafungia wale ng'ombe zizini mwake pekee. Waligawiwa ndugu, na kila aliyepokea alijua kwamba ndoa hiyo ikiyumba naye ataitwa. Sasa usikilizeni wimbo huo kwa sikio hilo. Baba wa kijana yuko wapi? Mjomba wake yuko wapi? Hakuna ndugu hata mmoja anayetajwa. Wamo vijana wawili tu, na pesa. Mimi namwona kijana wa mjini aliyekwenda kutafuta mshahara, akasimama mbele ya jambo ambalo kwa kawaida hubebwa na ukoo, akataka kulibeba kwa mikono yake miwili. Kilichomshinda ni upweke, umaskini ulifuata nyuma. Kwa hiyo mwanangu wa Nkuhungu asiharakishe kumwita mwongo, na mwanangu wa Kisasa asihofu kwamba wimbo utawatia aibu wageni, kwa sababu siku hiyo koo mbili zitakuwa zimeketi mle ukumbini, na hicho ndicho kijana wa wimbo alichokikosa.

Shangazi: Shikamoo Baba. Hilo la ndugu kutotajwa sikuwahi kuliona, na nimeuimba tangu nikiwa shuleni. Hata hivyo, mtu anayeingia ukumbini hapewi nafasi ya kueleza tafsiri. Watakaosikia watasikia kama nilivyosikia mimi.

Bibi harusi mtarajiwa: Shikamooni wazee wangu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kusoma kwanza. Sikuuchagua wimbo huu kwa utamu wake. Mchumba wangu, tulipoanza kuzungumza, aliniambia waziwazi kwamba hana kitu na kwamba hatakanyaga nyumbani kujitambulisha mpaka awe na cha kushika mkononi. Wengine waliowahi kunisemesha waliahidi kuja mwezi ujao, na mwezi huo haukufika. Yeye alisema hawezi kuja bado. Wazee mnajua kwamba mahari aliilipa kidogo kidogo, na mnajua baba yake mdogo alivyouza mbuzi ili awamu ya mwisho ikamilike. Ninapousikia wimbo huo namsikia mtu anayesema ukweli kabla hajaulizwa, nami nilimheshimu kwa hilo kabla sijampenda. Lakini baada ya kumsoma Mama Mdogo, naona kweli si wimbo wa mimi kuingilia, kwa kuwa anayeimba ni yeye. Naomba upigwe ule wakati ambapo mshereheshaji ananiambia nipite katikati ya wageni nimtafute mwenzangu na kumtambulisha. Msichana wa wimbo hakujibu. Mimi nitakuwa natembea kumwendea.

Mama Mdogo: Hapo nimekubali. Huyo kijana wa zamani bado simwamini, lakini huyu wetu namwamini.

Shangazi: Nami ninakubali kwa sharti moja. Binti aingie ukumbini kwa muheme, ngoma yetu ya Kigogo, ipigwe na mama zake, na “Malaika” ungoje wakati huo aliousema. Akishampata mwenzake, muheme urudi papo hapo, tusibaki na huzuni katikati ya shughuli.

Kaka Mkubwa: Nimeandika hivyo. Bendi inauliza kama ubeti wa pesa uondolewe ili kufupisha.

Babu: Wasiuondoe. Ukitoka huo, hakuna atakayejua binti anamwendea mtu aliyetoka wapi.

Kaka Mkubwa: Sawa Babu. Limebaki la viti. Nilikuwa nimempangia bwana harusi meza ya pembeni, akae peke yake ili binti asimwone upesi.

Mama Mdogo: Peke yake tena, baada ya yote aliyoandika Babu? Mkalishe kati ya wajomba zake na yule baba mdogo aliyeuza mbuzi. Binti atamwona tu.

Kaka Mkubwa: Nimebadilisha. Meza ya sita, wajomba watatu na baba mdogo.