Sola ya mnara, mgongo au kulaza: kwa paa dogo ipi inalipa?

PaaDogo_Tabata: Wakuu, paa langu dogo na simtanki limeshakula sehemu yake. Nimesoma kuhusu timu ya Jeffrey Grossman wa chuo kikuu cha MIT, Marekani. Mwaka 2012 walisimamisha paneli kama maboksi na minara, wakapata umeme mara 2 hadi 20 ya paneli iliyolazwa kwenye eneo lile lile. Mbona mafundi wetu bado wanalaza tu?

FundiVolti: Mkuu, soma tena: eneo lile lile, siyo paneli zile zile. Boksi la mita moja linataka paneli tano, moja juu na nne ubavuni. Dar saa sita mchana jua likiwa utosini, ya juu ndiyo inapiga kazi. Za ubavuni zinaambulia mwanga uliotawanyika. Umenunua tano, unavuna moja na chenji.

Mbeba_Boksi_Uppsala: Kwenu sawa, huku Sweden hesabu nyingine. Desemba jua halipandi, linatambaa chini kabisa, na paneli iliyolala inafunikwa na theluji. Iliyosimama inalitazama jua usoni. Hata hao MIT walisema faida kubwa iko mbali na ikweta, majira ya baridi na siku za mawingu.

MamaInveta: FundiVolti, umesahau saa. Iliyolazwa inatoa kilele mchana basi. Ubavu wa mashariki unaamka saa moja asubuhi, wa magharibi unakwenda hadi saa kumi na moja jioni. Mwenye friji ya biashara na betri ndogo anajua thamani yake. Ila mnara wa nini? Weka mgongo: nusu mashariki, nusu magharibi, mwinamo nyuzi 10 hadi 15, mvua inaosha vumbi yenyewe. Na kila upande uingie kwenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumia nyumbani) kwa laini yake. Ukiziunga mfululizo, upande hafifu unauburuza mwenzake.

FundiVolti: Kwa mgongo sibishi. Paneli zimeshuka bei sana tangu 2012, ila chuma cha kubeba mnara usiangushwe na upepo ni pesa nyingine. Na ukiweka minara miwili, mmoja unamtia mwenzake kivuli.

PaaDogo_Tabata: Basi mgongo. Simtanki liko upande wa kaskazini, kuna shida?

FundiVolti: Ipo. Juni jua la mchana linakaa kaskazini yetu, kivuli cha simtanki kitaangukia paneli zilizo karibu nalo. Lipeleke kusini kabla hujanunua chochote.

MamaInveta: Kusini napo litamsumbua Desemba, japo kidogo. Lishushe chini, uweke pampu.