Malindi yetu ilikuwa na watumwa, ama ni Unguja tu?

BintiBarani: Shikamooni wakubwa. Shuleni tulisomeshwa soko la watumwa la Unguja basi, Malindi tukaambiwa Vasco da Gama na nguzo yake. Sasa juzi tunapepeta ufuta na nyanya, akanambia bila kuinua macho kwenye ungo kwamba nyanyake mamake alikuwa "mtu wa kuja, Mnyasa", kaletwa na jahazi akiwa mdogo. Nikauliza kaletwa na nani, akanyamaza akaendelea kupepeta. Kwani huku kwetu walikuwako?

MzeeShela: Marahaba mwanangu. Walikuwako, tena wengi mno. Malindi ilikuwa imekufa imekuwa pori, mpaka miaka ya 1860 Sultan Majid wa Unguja akaleta watu na askari mji ukaanza kulimwa upya, mtama na ufuta, vikipakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Jembe walishika watumwa. Wengi walipitia Kilwa, kwao bara ya ziwa Nyasa huko, ndiyo hilo Mnyasa la nyanyako. Aliyeshuka jahazini jana aliitwa mjinga kwa kuwa hajui lugha, aliyezaliwa huku ni mzalia. Mie nikisikia mtu anamwita mwenziwe mjinga huwa naumia.

Mtoro_Mtoro: Na msiwasahau watoro jamani! Sultan Barghash, aliyemfuata Majid, alipiga marufuku kusafirisha watumwa baharini 1873, wafanyabiashara wakahamia njia ya nchi kavu, akaikataza nayo 1876, lakini waliokuwa tayari mashambani walibaki vilevile. Ndio wengi wakakimbilia msituni, wakajenga kijiji chao cha Fuladoyo wakalima chakula chao wenyewe, wengine wakaenda Rabai kwa wamishonari. Hao kwangu ni mashujaa na hawana hata barabara ya jina lao.

MamaMuyeye: Mimi linaloniuma ni ardhi. Utumwa ulifutwa kisheria pwani yetu 1907, fidia akalipwa mwenye mtumwa, aliyelima hakupata kitu. Mwaka wa pili, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi, sasa mtu ambaye jana alikuwa mali ya mwingine atadai shamba kwa karatasi gani? Uskwota wa hapa, watu kuishi kwenye ardhi wasiyo na hati yake, una mizizi humo. BintiBarani, muulize nyanya jina la huyo bibi, usimuulize nani alimleta.

BintiBarani: Nimemuuliza jana baada ya magharibi. Aliitwa Faida. Nyanya anasema hilo alipewa na tajiri, yaani bwana aliyemmiliki, la kwao alikuwa akilitaja mwenyewe usiku akiwa peke yake, na hakuna aliyelishika.