Naomba ushauri: nianze na katuni ipi ya zamani ya Marekani?

Habari zenu wakuu, nimeingia kwenye ugonjwa wa hizi katuni za adventure zilizokuwa zinatoka kwenye magazeti ya Marekani, zile za mtu anaachwa ananing'inia kwenye jabali halafu unasubiri gazeti la kesho. Nimeshasoma Flash Gordon ya Alex Raymond, ilianza 1934, michoro ni balaa ila stori nyepesi kwa kweli. Sasa hela yangu inatosha kitabu kimoja tu na nimekwama kati ya Prince Valiant ya Hal Foster (1937, haina vile vipovu vya maneno, maelezo yanakaa ndani ya picha) na Terry and the Pirates ya Milton Caniff. Huyu Caniff ndo ananivutia zaidi, ule wino wake mweusi mweusi kama sinema, halafu 1946 akaiacha Terry wakati iko juu kwa sababu haki hazikuwa zake, 1947 akaanzisha Steve Canyon akiwa mmiliki mwenyewe. Ila nasikia Terry ya mwanzo Wachina wamechorwa kwa dharau, je niruke miaka hiyo au nivumilie tu? Waliosoma naombeni mnisaidie.