Naomba ushauri: tunaanzisha gazeti la Kiswahili Uingereza

Habari zenu wakuu. Sisi ni Waafrika Mashariki tunaoishi Uingereza, tunataka kutoa gazeti la Kiswahili kila mwezi, la karatasi na la mtandaoni.

Kwenye kodi kuna nafuu: gazeti la karatasi hutozwa VAT ya asilimia sifuri, na tangu Mei 2020 hata la mtandaoni, mradi sehemu yake kubwa isiwe matangazo au video. Ila tukishasajiliwa VAT, tangazo la mwenye bucha litaongezwa asilimia 20. Bei tuipangeje tangu mwanzo?

Kinachoninyima usingizi hasa ni usimamizi. Huku gazeti halihitaji leseni ya serikali. Kuna vyombo viwili vya kusimamia maadili ya magazeti: IPSO, yenye magazeti mengi makubwa, na Impress, iliyotambuliwa rasmi 2016 chini ya mfumo uliotokana na ripoti ya Leveson, yaani uchunguzi kuhusu mwenendo wa magazeti ya huku. Kujiunga ni hiari. Kwa gazeti changa linaloogopa kesi ya kashfa, ipi inafaa?

Halafu watangazaji wanataka idadi ya wasomaji. Kuna mashirika ya vipimo: ABC hukagua idadi ya nakala zinazosambazwa, PAMCo hupima usomaji, lakini hao naona ni wa magazeti makubwa. Nakala moja ikiachwa saluni itasomwa na kila anayesubiri kusukwa. Hao tuwahesabuje hadi mtangazaji aamini? Mwenye uzoefu anisaidie tafadhali.