Meneja wa yuniti, DON au MDS? Nimepewa cheo makao ya wazee na hakuna wa kunifundisha

SistaWaLowell:
Habari zenu wote. Mimi ni RN (nesi aliyesajiliwa) hapa Massachusetts, nimefanya kazi makao ya wazee tangu nipate leseni ya huku, sana sana usiku na wikendi. Kenya nilikuwa in-charge wa wodi ya wanawake, kwa hiyo kusimamia watu si kitu kigeni kwangu. Sasa nina nafasi tatu mkononi na wote wanataka jibu.

Ya kwanza ni hapa hapa nilipo, meneja wa yuniti ya vitanda 41. Aliyekuwepo kaondoka. Mafunzo ni kupewa funguo na nenosiri. Lakini DON wetu (mkuu wa manesi wa nyumba nzima) amekaa miaka mingi na ni mtu unayeweza kumuuliza.

Ya pili ni kuwa DON kamili, kwenye makao madogo yaliyo mbali kidogo kwa gari. Pesa ni nyingi kuliko zote, na kule nyumbani nyumba ya mama imesimama kwenye linta. Kwa sasa wanatumia DON wa muda kutoka wakala.

Ya tatu ni mratibu wa MDS (zile fomu za tathmini ya kila mkaazi), Jumatatu hadi Ijumaa, pesa kama ninazopata sasa. Wanasema watanilipia kozi.

Mume wangu anasema nifuate pesa. Mliopita njia hii mnasemaje?

Mzee_wa_Zamu:
Ya pili. Hakuna aliyezaliwa DON. Wenzetu wanachukua vyeo hawajui hata printa iko wapi, sisi tunangoja tushikwe mkono. Chukua, utajifunzia kazini.

MamaTatu:
Mzee, kwa heshima, wewe umewahi kuwa DON?

Mzee_wa_Zamu:
Shemeji yangu.

MamaTatu:
Haya. Dada, mimi nimekuwa DON nyumba mbili, na kabla ya hapo meneja wa yuniti. Hiyo ya pili usiikatae na usiikubali kabla hujauliza jambo moja: kwa wastani wana wakaazi wangapi kwa siku? Sheria ya shirikisho inataka DON awe RN wa muda wote, na inamruhusu awe pia nesi wa zamu pale tu wastani wa wakaazi ni 60 au chini. Maana yake nini? Nyumba ndogo inaweza kukuandika DON halafu nesi asipofika saa moja asubuhi, wewe ndiye unasukuma toroli la dawa, na sheria haijavunjwa. Ukimaliza dawa za mchana ndipo unaanza kazi ya DON. Na umeingia mshahara wa mwezi, kwa hiyo zile saa za ziada ulizozoea kulipwa zimekwisha. Piga hesabu ya mshahara kwa saa utakazokaa kweli, uone kama bado ni mkubwa.

Pili, ingia tovuti ya Care Compare ya serikali, haina malipo. Usiishie kwenye nyota. Shuka chini kwenye wafanyakazi: inaonyesha ni asilimia ngapi ya manesi wameacha kazi na wasimamizi wakuu wangapi wameondoka ndani ya mwaka. Kisha soma ripoti za ukaguzi. Kila kosa lina herufi, A hadi L. D ni la kawaida, karibu kila nyumba inalo. G mtu ameumia. J, K na L ni hatari ya papo kwa papo, na hapo nisingeenda bila mtu wa kunikinga mgongo. Angalia na tarehe. Ukaguzi wa kawaida hautakiwi kupita miezi 15 tangu uliopita, na hawapigi simu kwamba wanakuja.

Kuhusu kuwa in-charge Kenya: itakusaidia kwa watu, na usiidharau. Kutuliza familia iliyokasirika, kujua nani anajificha choo wakati wa kugeuza wagonjwa, hiyo hakuna kozi inayofundisha. Ila kazi ya hapa ni karatasi. Chukua kitu kidogo kama mtu kuanguka. Bibi mwenye dimenshia amekutwa sakafuni saa kumi alfajiri, hakuna aliyeona. Nesi wa usiku kampima, kaandika "hakuna jeraha", kampandisha kitandani. Asubuhi kwenye mkutano wewe meneja unatakiwa ujue: daktari kaarifiwa? Familia je? Maana hakuna aliyeona kichwa kikigonga au kutogonga, vipimo vya fahamu vilianza na viliendelea, au viliandikwa mara moja vikaachwa? Kwa nini alishuka kitandani, choo au maumivu? Na mpango wa huduma umebadilishwa vipi? Nimesoma mipango mingi imeandikwa "akumbushwe kubonyeza kengele". Bibi hakumbuki jina la mwanawe, atakumbuka kengele? Mkaguzi akiliona hilo hahitaji kuuliza swali la pili. Ukikuta michubuko ambayo hakuna anayejua ilitoka wapi, hapo kuna saa inayokimbia: kuripoti ndani ya saa 2 kama kuna tuhuma ya kudhulumiwa au kaumia vibaya, ndani ya saa 24 kwa mengine.

Haya yote meneja wa yuniti anayafanya kwa watu 41, na juu yake kuna mtu. DON anayafanya kwa nyumba nzima na juu yake kuna msimamizi ambaye mara nyingi si nesi. Mimi ningechukua ya kwanza.

Kalamu_MDS:
Mama Tatu kamaliza, ila ya tatu msiipite haraka, dada. Watu wanaiona MDS kazi ya kukaa kwenye kiti. Ndiyo, unakaa. Lakini ndiko utajifunza nyumba inavyoendeshwa na pesa inakotoka. Mpango wa awali wa huduma ni ndani ya saa 48 tangu mtu aingie. Tathmini kamili kabla ya siku 14 kuisha. Mpango kamili siku 7 baada ya tathmini hiyo. Ya robo mwaka isizidi siku 92. Na tangu Oktoba 2019 Medicare, bima ya serikali ya wazee, hailipi tena kwa kuhesabu dakika za tiba ya viungo, inafuata hali ya mgonjwa ilivyoandikwa. Kwa hiyo ukiandika vibaya nyumba inapoteza pesa, au inachukua pesa isiyo yake, ambayo ni kesi nyingine. RN anatia sahihi kwamba tathmini imekamilika. Usikubali kusaini cha kusukumwa.

Kozi wanayosema wataje ni ipi. Kama ni RAC-CT, cheti cha MDS cha AAPACN (chama cha manesi wa makao ya wazee), hiyo inatambulika popote, hata ukihama jimbo. Kama ni "utakaa na Fulani wiki moja", hiyo si kozi.

Ubaya wake: unakaa mbali na wakaazi, na wengine wanachoka roho. Mimi sijachoka, lakini napenda makaratasi.

Bi_Mvita:
Niko Uingereza, kwa hiyo mchukulie kama salamu tu. Huku meneja wa makao husajiliwa na CQC, wakaguzi wa huduma wa huku, yeye binafsi, na wengi wanapitia naibu meneja kwanza huku wakisoma diploma ya ngazi ya 5. Mtu akikurusha juu moja kwa moja, jiulize kwa nini waliokuwa ndani hawakutaka. Na walio kwenye viza ya kudhaminiwa wasibadili cheo kabla ya kuuliza, maana msimbo wa kazi unaweza kubadilika.

Mzee_wa_Zamu:
Basi nyumba ya mama ibaki kwenye linta 😂

SistaWaLowell:
Mzee, mama anakusalimia. Jamani asanteni. Nimewapigia hiyo nyumba ya pili. Wastani ni wakaazi 52. Nikauliza nani anashughulikia maambukizi, wakasema "DON". Ukaguzi wa mwisho ni miezi 13 iliyopita. Wasimamizi wakuu wawili wameondoka kwa mwaka.

MamaTatu:
Nilijua. Mhusika wa maambukizi lazima awe amesomea kabla hajashika kazi hiyo, na wewe bado. Kozi ya CDC na CMS, mashirika ya afya ya serikali, ni ya mtandaoni na ya bure, ifanye hata kama huendi kwao. Lakini kwa nyumba hiyo ungeanza kazi leo, wakaguzi wakaingia hujajua majina ya wakaazi, kisha una siku 10 za kuandika mpango wa kurekebisha makosa ya mtu aliyeshaondoka.

SistaWaLowell:
Naegemea ya kwanza. Niombe nini kabla ya kusaini?

MamaTatu:
Kwa maandishi, si kwa mdomo kwenye korido: saa moja na DON kila wiki, mlango umefungwa. Wiki za mwanzo usihesabiwe kwenye ratiba ya toroli. Ni usiku ngapi kwa mwezi simu itakuwa kwako, na ukiitwa ukaingia unalipwaje. Nani anakushikia yuniti ukiwa likizo. Na walipie cheti cha uongozi, AAPACN wanacho cha DON pia, utakihitaji baadaye.

Kalamu_MDS:
Ongeza: omba ukae nami, namaanisha na mtu wa MDS wa hapo kwenu, kwenye mikutano ya mipango ya huduma kuanzia wiki ya kwanza. Haiwagharimu kitu.

Mzee_wa_Zamu:
Na wakikataa kuandika?

MamaTatu:
Wakikataa kuandika kuhusu toroli, anabaki na zamu zake za usiku na anaipigia simu ile ya MDS. Manesi wanatafutwa kila kona ya Massachusetts, hana haraka.

SistaWaLowell:
Nimeshawaandikia barua pepe. DON amejibu kwamba saa ya wiki ni sawa, tena Jumatano, lakini ya toroli lazima aulize juu. Nangoja.