Injini ya PS 20 ni sawa na mota ya kilowati ngapi?

Mwenye kinu, Mafinga
Wakubwa shikamooni. Nina mashine ya kusaga mahindi inayozungushwa na injini ya dizeli ambayo kibati chake kimeandikwa PS 20. Sasa umeme wa njia tatu umefika jirani nami nataka kufunga mota, lakini mota zote za dukani zimeandikwa kilowati. Muuzaji ananishauri nichukue ya kilowati 22 kwa madai kwamba 20 na 22 zinakaribiana, jambo lililonitia shaka. Hesabu yake hufanywaje?

Mwalimu wa fizikia, Njombe
Marahaba. Shaka yako ina msingi. PS ni kifupi cha neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu ya farasi, na kipimo chake ni kuinua mzigo wa kilo 75 kwenda juu mita moja kwa sekunde moja. Uzito wa kilo moja ni nyutoni 9.80665, ukizidisha kwa 75 unapata wati 735.5. Basi PS 20 ni wati 14,710, na kwa kuwa kilowati moja ni wati 1,000, hizo ni kilowati 14.71. Ipo pia nguvu farasi ya Kiingereza, wati 745.7, ila kwa injini yako tofauti ni wati 200 hivi, isikukoseshe usingizi.

Fundi mota, Mbeya
Chukua ya kilowati 15. Huku kwetu nyanda za juu hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi) hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo hapo Mafinga injini yako haijawahi kukupa hizo PS 20 kamili. Fahamu pia kwamba kilowati za kwenye kibati cha mota ni zile zinazotoka kwenye shafti: mota yenye ufanisi wa asilimia 90 itavuta kilowati 16.7 ikibeba mzigo kamili, yaani uniti 16.7 kwa saa.

Mwenye kinu, Mafinga
Nimeelewa, asanteni. Ila karatasi ya bei niliyopewa imeandikwa "15 MW". Ndiyo hiyo hiyo?

Mwalimu wa fizikia, Njombe
Hapana, warekebishe iwe kW. MW ni megawati, na kila moja ni kilowati 1,000. Bwawa la Mtera lote ni megawati 80.