Mzigo hatarishi ndani ya uzio wa Serikali: kanuni za usafirishaji zinaishia getini?

Gati la Pili (mleta mada)
Wadau wa Tanga, salaam. Kila tukizungumzia kemikali na mafuta yanayopita mjini kwetu, mjadala unakwama getini. Wapo wanaosema lori likishaingia eneo la Serikali lenye uzio na askari, iwe bandari, kambi au mtambo wa maji, hapo si barabara ya umma tena. Stika za hatari, hati ya mzigo na dereva mwenye mafunzo, vyote vimebaki nje. Wengine wanasema pipa halijui uzio. Kundi la kwanza hupenda kutaja kanuni ya Marekani ya kusafirisha mizigo hatari, 49 CFR kifungu cha 171.1, kwamba "imeruhusu".

Tuchukue mfano mmoja ili tusirukeruke. Mtambo wa kusafisha maji una maghala mawili, na katikati inakatiza barabara ya kwenda kijijini. Canter inahamisha mapipa 20 ya kalsiamu haipokloraiti, ile dawa ya maji, kilo 45 kila pipa. Jumla kilo 900. Je, kanuni za usafirishaji zinahusika?

Raskazone Juu
Imeruhusu, lakini someni mpaka nukta. Msamaha wa gari na reli unataka mzigo utembee ndani ya mipaka ya eneo moja lililoungana, usitoke kabisa, na watu wa nje wawe wamezuiwa kuingia. Ukigusa au kukatiza barabara ya umma, kanuni zinarudi, isipokuwa kama barabara yenyewe imefungwa kwa taa, ishara, geti au kitu cha namna hiyo. Kwa hiyo mfano wako unaangukia palepale barabarani.

Upo na msamaha wa pili ambao watu huuchanganya na huo. Gari linaloendeshwa na mtumishi wa Serikali kwa shughuli za Serikali zisizo za biashara haliguswi, hata likiwa barabara kuu. Huo unamwangalia anayeendesha na kazi anayofanya, hauangalii eneo. Akiwa dereva wa kampuni yenye zabuni, ule mzigo tayari uko kwenye biashara na msamaha huo haumfikii, hata kama mali ni ya Serikali na kapewa kitambulisho cha geti.

Tairi Kumi na Nane
Sawa mkuu, ila tuongee kazi. Bandarini foklifti inahamisha paleti toka shedi hadi yadi, labda mita 200, mwendo wa kilomita 10 kwa saa. Ukidai hati ya mzigo kwa kila mzunguko, meli italala gatini wiki nzima. Nawaambia kitakachofuata: watu watabandika stika kwenye gari moja kwa moja, limebeba au halikubeba. Alama ikishakuwa pambo, haiogopwi tena. Kanuni zilitungwa kwa ajili ya barabara yenye mabasi na bodaboda. Ndani ya uzio kuna msimamizi na kuna utaratibu wa kazi. Msamaha una mantiki.

Shangazi wa Maabara
Mwanangu Tairi, kuhusu hati nakubaliana nawe nusu. Kuhusu alama, hapana.

Hiyo dawa ya maji, kwa namba za Umoja wa Mataifa za kutambua mzigo hatari, ni UN 1748 ikiwa kavu, UN 2880 ikiwa na maji kidogo ndani yake. Zote ni daraja la 5.1, vioksidishaji. Haiungui yenyewe, inachochea kingine kiungue. Sakafu ya canter iliyobeba pipa la dizeli jana ina mafuta kwenye mbao. Pipa likipasuka, unga ukimwagika pale, joto linapanda lenyewe na moto unaweza kuwaka dakika chache baadaye, bila kiberiti. Ukigusana na asidi unatoa gesi ya klorini. Ukilowa maji kidogo, na unyevu wa pwani yetu mnaujua, unapata joto ndani ya pipa lililofungwa.

Sasa utingo anakimbilia mtungi wa zimamoto wa kwenye gari. Mingi ni ya unga wa ABC, na unga huo una chumvi za amonia. Amonia na haipokloraiti havipatani: vinaweza kutoa gesi ya sumu na hata kulipuka. Moto wa namna hii unataka maji mengi sana, kutoka mbali. Wa Zimamoto wakifika baada ya kupigiwa 114, wakakuta gari lisilo na almasi ya njano, ile stika ya vioksidishaji, watajuaje? Almasi hiyo ya kwenye gari ina upande wa milimita 250, inasomeka kwa mbali. Uzio hausomeki.

Ngamiani
Shangazi umemaliza. Halafu tusisahau Beirut, tarehe 4 Agosti 2020, ghala lililohifadhi tani 2,750 za amonia naitreti lililipuka ndani ya bandari. Na hapa kwetu milipuko ya maghala ya mabomu ya jeshi, Mbagala 2009 na Gongo la Mboto 2011. Zote zilikuwa ndani ya uzio!

Raskazone Juu
Ngamiani, usichanganye madesa. Hizo zilikuwa ghalani, hakuna kilichokuwa kinasafirishwa. Ukizileta kwenye hoja ya usafirishaji, mpinzani wako anakumaliza kwa sentensi moja. Kinachofaa kuchukuliwa hapo ni kwamba kanuni za barabarani zikinyamaza, nyingine hazinyamazi. Sheria yetu ya kemikali za viwandani na majumbani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, inagusa kusafirisha na kuhifadhi kwa pamoja. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi nayo ni ya 2003, na inamlinda mfanyakazi hukohuko ndani. Ukisema "msamaha wa Marekani", huo unaondoa sura moja tu ya kitabu. Tena kitabu cha wenzetu.

Gati la Pili
Na lori linalopakia ndani ya bandari kwenda Arusha?

Raskazone Juu
Hilo halina ubishi. Safari haikuwa ya ndani tu, kwa hiyo hakuna msamaha wa uzio. Kwa Marekani usafirishaji unaanza msafirishaji anapoupokea mzigo mkononi ili ausafirishe. Kufungasha, kuweka alama na kuandika hati vyote vimalizwe kabla. Tabia ya kubandika stika nje ya geti, pembeni ya barabara, huku injini inanguruma, ni kuchelewa tayari.

Tairi Kumi na Nane
Basi nipeni kiwango. Pipa moja la dizeli kwa ajili ya jenereta nalo ni msafara?

Shangazi wa Maabara
La hasha. Mkataba wa Ulaya, ADR, una hesabu nzuri ya kuazima. Lita za dizeli unazidisha kwa 1, za petroli kwa 3; jumla isipozidi 1,000, masharti mengi yanalegezwa. Mapipa matano ya dizeli ya lita 200 yanafika 1,000 kamili, bado umo. Mapipa mawili ya petroli ni lita 400, mara 3 ni 1,200, umetoka. Dawa yetu, kama ni kundi la ufungashaji la II, yaani hatari ya kati, nayo ni mara 3: kilo 900 zinakuwa 2,700. Marekani nao, kwa mapipa ya daraja hili, alama kwenye gari zinadaiwa kuanzia kilo 454. Kwa mizani yoyote, canter ile imevuka mbali.

Tairi Kumi na Nane
Hapo nimekuelewa. Ila kwenye ile barabara ya kijijini, mlinzi akisimama na bendera nyekundu kila upande, si tayari imefungwa?

Raskazone Juu
Kanuni inataja taa, ishara, geti na vinavyofanana navyo. Bendera unaweza kuitetea, lakini bodaboda itampita mlinzi. Weka boriti ya kushusha pande zote mbili, yenye kufuli, na ishushwe kabla canter haijawashwa. Na mapipa yasimame wima, yafungwe mikanda, sakafu ifagiliwe, turubai juu.

Ngamiani
Na ufunguo wa hiyo kufuli akae nao nani, mtumishi au kontrakta?

Shangazi wa Maabara
Mtumishi. Kontrakta akiwa na ufunguo, saa ya chai boriti itabaki juu.